Kero ya nani? Barabara, jela na watu wanaoandamania tabianchi

(Haya niliongea Arusha Agosti 2025, mbele ya vijana wa klabu za mazingira, wanafunzi wa sheria na wazee waliokuja kusikiliza. Nimeyaandika karibu vilevile nilivyoyasema, nimetoa utani tu na ile sehemu ambayo maiki ilikata.)

Shikamooni wazee, vijana mambo vipi. Asanteni kwa kutoka na baridi hii, Arusha ya Agosti mtu akibaki kitandani mpaka saa nne mimi simlaumu. Mwenyekiti kanipa dakika arobaini niongelee hawa wanaharakati wa tabianchi wanavyofungwa huko duniani na sheria za haki za binadamu zinasemaje, na kwa vile mawakili tunajulikana kwa kula muda wa watu naingia moja kwa moja.

Twende London kwanza. Novemba 2022 kikundi kinaitwa Just Stop Oil kilipandisha watu 45 ndani ya siku nne juu ya vile vyuma vya mabango vinavyokatiza juu ya barabara ya M25, ile inayoizunguka London yote. Walikuwa wanadai serikali yao iache kutoa leseni mpya za mafuta na gesi. Polisi wakawa wanasimamisha magari ili wawashushe salama, foleni ikawa foleni kweli, kwa hesabu za waendesha mashtaka magari zaidi ya 700,000 yaliathirika, hasara ya uchumi pauni 765,000 na polisi nao wakatumia zaidi ya pauni milioni 1.1. Kuna watu walikosa ndege, walikosa kliniki, kuna waliokosa hadi mazishi. Hilo nalisema mapema kabisa ili mtu asije kunyoosha mkono baadae akadhani nimelificha.

Sasa watano wakashtakiwa kwa kula njama, na ushahidi mkubwa juu yao ulikuwa mkutano wa Zoom ambao walikuwa wanahamasisha watu wajitokeze kupanda hivyo vyuma. Mwandishi wa gazeti alijipenyeza humo akarekodi, akawapelekea polisi. Julai 2024 hukumu ikatoka, Roger Hallam miaka mitano, wenzake wanne miaka minne minne. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikapunguza, wa mitano akabaki na minne, wawili wakashuka hadi mitatu, wawili miezi 30. Na hata baada ya kupunguzwa hebu jiulize, mtu hajampiga mtu, hajaiba, hajachoma kitu, ni maongezi ya mtandaoni. Nazijua kesi za ubadhirifu ambazo watu wametoka na miezi.

Kosa lenyewe ndio nataka mlishike maana nitalirudia mpaka mchoke. Ni kuleta kero kwa umma. Kwa Waingereza kosa hili ni la zamani sana, majaji ndio walilitengeneza karne na karne huko nyuma, lilikuwa la mambo ya mtu kumwaga uchafu njiani au kuziba barabara ya kijiji au kiwanda kutoa harufu watu wakashindwa kupumua. Mwaka 2022 bunge lao likalichukua likaliandika kwenye sheria mpya ya polisi na mahakama, likaliwekea kifungo mpaka miaka 10. Mwaka uliofuata wakaongeza sheria nyingine ya utulivu wa umma, kujifunga kwa mnyororo au gundi kwenye kitu ni kosa, kuingilia miundombinu ya taifa ni kosa. Australia jimbo la New South Wales walifanya hivyohivyo 2022, ukifunga barabara kubwa au bandari ni kifungo mpaka miaka miwili, faini mpaka dola zao 22,000, au vyote viwili. Ujerumani, jimbo la Bavaria, polisi wanaweza kukuweka ndani kwa idhini ya jaji siku 30 na wakaongeza nyingine 30 kabla hujafanya chochote, eti kwa sababu utafanya. Ufaransa serikali ilikifuta kikundi kizima kwa amri ya baraza la mawaziri Juni 2023, mahakama yao ya juu ya utawala ikaja kuitengua hiyo amri Novemba. Hizi zote ni nchi ambazo mabalozi wao wakija hapa wanatufundisha utawala bora. Sio kwamba nawacheka, nasema tu tusiwe tunasubiri mfano mzuri utoke huko kila siku.

Umoja wa Mataifa kupitia mkataba wa Aarhus, ambao ni mkataba wa kule Ulaya wa haki ya kupata taarifa za mazingira, wana mtaalamu wao maalum wa kuwalinda watetezi wa mazingira, Michel Forst, Mfaransa. Huyu Januari 2024 alienda Uingereza akatoka na taarifa kali, na kilichomshtua sio vifungo peke yake. Kuna kesi ambapo jaji alikataza washtakiwa wasiwaelezee wale wananchi kumi na wawili wanaoamua kesi kwanini walifanya walichofanya. Yaani unaruhusiwa kusema ulikaa barabarani, huruhusiwi kutaja mabadiliko ya tabianchi. Wawili wakataja, wakafungwa wiki saba kwa kudharau mahakama. Af kuna mama mmoja mstaafu akasimama nje ya mahakama na bango tu linalowakumbusha wananchi hao kwamba wana haki ya kumwachia mtu kwa dhamiri yao, kitu ambacho ni sheria ya kwao ya miaka mia tatu na zaidi, wakamfungulia mchakato wa kudharau mahakama naye, mpaka Mahakama Kuu ya kwao iliposema Aprili 2024 kesi isiendelee. Mimi nimekaa mahakamani miaka, nimeona washtakiwa wanaambiwa fupisha, wanaambiwa jibu swali, lakini kumwambia mtu usiseme sababu yako kabisa, hapana, hiyo ni nyingine.

Haya turudi nyumbani.

Oktoba 2022 Kampala wanafunzi tisa walikamatwa wakiwa wanaandamana kuelekea ofisi za Umoja wa Ulaya. Bunge la Ulaya lilikuwa limetoka kupitisha azimio mwezi Septemba la kulikosoa bomba la mafuta ghafi la EACOP, hawa vijana wakaenda kusema tunaunga mkono. Wakalala gereza la Luzira. Shtaka? Kero kwa umma. Lilelile. Kwenye kanuni ya adhabu ya Uganda, ambayo kama ya kwetu tumeachiwa na Mwingereza, kosa hilo lina kifungo cha mwaka mmoja. Wakawa wanaenda mahakamani wanarudi, wanaenda wanarudi, Novemba 2023 kesi ikaja kutupwa upande wa mashtaka umeshindwa kuiendesha. Sasa mtu atasema si waliachiwa bwana, shida iko wapi. Shida ni kwamba mwaka mzima wa mtoto wa chuo umeisha kwenye korido za mahakama, nauli ya mzazi, mitihani, dhamana, jina limeshaandikwa. Kesi ya aina hii haihitaji kushinda ili ifanye kazi yake. Kazi yake imeshafanyika siku ya kwanza mtoto alipopakiwa kwenye defenda.

Na cheki kitu cha ajabu, kule sheria mama ilikotoka sasa hivi adhabu ni mpaka miaka 10, watoto tuliorithi tumebaki na mwaka mmoja. Naombeni hii isitoke nje ya ukumbi, wabunge wasije wakasikia.

Bomba lenyewe mnalijua, kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani Tanga, kilomita 1,147 ziko kwetu, linapita mikoa minane, Manyara hapo jirani wamo. Mafuta yake ni mazito yanaganda kama nta kwahiyo bomba lazima lipashwe moto nyuzi joto 50 njia nzima. TotalEnergies wana asilimia 62, mashirika ya mafuta ya serikali zetu mbili kila moja 15, Wachina wa CNOOC 8. Mimi leo sijaja kuwaambia bomba lipite au lisipite, nina maoni yangu na mtu akitaka anitafute kwenye chai. Ninachosema mtu wa Tanga mwenye maoni tofauti na yangu na mwanafunzi wa Kampala wote wawili sheria inawalinda kuyasema, barabarani, kwa sauti, na kwa bango.

Na hivi vitu vya hali ya hewa hatusimuliwi. Theluji ya Kilimanjaro kati ya 1912 na 2007 eneo lake lilipungua asilimia 85, wanasayansi wanabishana kiasi gani ni joto na kiasi gani ni ukavu wa hewa lakini hakuna anayebisha kwamba imepungua. Ule ukame wa 2020 mpaka 2022, upande wa pili wa Namanga na kwenda juu Somalia na Ethiopia, watafiti wa World Weather Attribution walisema uwezekano wa kutokea uliongezeka angalau mara 100 kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Wazee wa Longido mliopo hapa mnakumbuka mizoga. Hanang Desemba 2023 tope lilishuka Katesh, tukazika. Mimi kwetu Kibosho, mifongo, ile mifereji ya maji ambayo babu zetu walichimba, mingine leo ni mtaro mkavu watoto wanachezea mpira. Kwahiyo kijana akibeba bango kuhusu hili sio kwamba amelishwa na wazungu, hilo neno nimelichoka kulisikia kwenye redio.

Sasa nije kwenye kesi ninayoipenda kuliko zote na naomba wanafunzi wa sheria mkaisome. Tabata, Dar es Salaam, 1988. Halmashauri ya jiji ilikuwa inamwaga taka Tabata, inachoma, moshi, harufu, nzi, watu wanakohoa. Wakazi wakiongozwa na bwana Joseph Kessy wakaenda Mahakama Kuu. Walisema nini? Walisema jiji linatuletea kero. Mahakama ikakubaliana nao, ikaamuru jiji liache. Jiji likarudi kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, na Jaji Lugakingira akashangaa waziwazi kwamba hajawahi kusikia popote mamlaka ya umma inaenda mahakamani kwa kujiamini kabisa kuomba kibali cha kuchafua na kuhatarisha maisha ya watu. Jiji likahamisha dampo likapeleka Kunduchi Mtongani, na wa Mtongani nao wakaenda mahakamani 1991, kesi ya Festo Balegele, wakashinda nao. (Ukitaka kujua serikali za mitaa zinavyofikiri we fuatilia tu safari ya lile dampo.)

Mmeona kilichotokea hapo? Kero ilikuwa silaha ya mwananchi. Mwenye moshi ndio alikuwa mshtakiwa na aliyekohoa ndio mlalamikaji. Leo kosa lilelile limegeuzwa, aliyekohoa ndio yuko kizimbani kwa sababu kikohozi chake kimesimamisha magari nusu saa, na mwenye moshi amekaa nyuma kama shahidi wa hasara. Sijasema mahakama zote zimefanya hivyo, lakini sheria nilizowatajia za Uingereza na Australia ndio mwelekeo wake huo, foleni ina hesabu yake hadi senti, ila ukame hauna mtu wa kuusomea mashtaka.

Na Lugakingira huyohuyo, baadae, Oktoba 1994 akiwa Dodoma, kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila, ndio alisema kile kifungu cha kuomba kibali cha polisi kabla ya mkutano au maandamano kinapingana na Katiba. Ibara ya 20 inakupa uhuru wa kukutana na wenzako, huwezi kupewa uhuru na mkono wa kulia af mkono wa kushoto ukaambiwa kaombe kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Tangu hapo sheria yetu ya polisi, kifungu cha 43, inadai taarifa, sio kibali. Masaa 48 kabla, unaandika mahali, muda na madhumuni. Na ukishatoa taarifa unaendelea, isipokuwa kama afisa amekupa amri ya kukataza. Nasikia watu wazima, hadi viongozi, wanasema kwenye TV "hawakuomba kibali", na mwandishi anatikisa kichwa tu. Hakuna kibali. Kibali kilikufa 1994.

Najua, najua, naona mnacheka. Ya kwenye karatasi na ya pale kituoni ni vitu viwili. Mikutano ya siasa yenyewe ilizuiliwa tangu 2016 mpaka Januari 2023 Rais alipoiruhusu, na sheria ilikuwa ileile muda wote. Ila mtu asiyejua karatasi inasema nini hana hata pa kuanzia kubishana.

Juu ya Katiba kuna mikataba tuliyosaini kwa hiari yetu. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ibara ya 11 ni kukusanyika, ibara ya 24 watu wote wana haki ya mazingira ya kuridhisha yanayofaa kwa maendeleo yao. Mkataba huu ni wa 1981, na ibara ya 24 sio pambo, Tume ya Haki za Binadamu ya Afrika, ile ya Banjul, 2001 iliihukumu nayo Nigeria kwenye kesi ya SERAC kuhusu Waogoni na mafuta ya Delta. Ogoni ndio kwao Ken Saro-Wiwa, ambaye alinyongwa na wenzake wanane tarehe 10 Novemba 1995. Kwahiyo Afrika tulishaona zamani mtu wa mazingira anageuzwaje mhalifu, tuliona kabla hao wa London hawajapanda vyuma. Na Nairobi hapo Wangari Maathai alipigwa kichwani na mabaunsa kwenye msitu wa Karura Januari 1999 anapanda miti tu. Leo watu wa Nairobi wanakimbia mazoezi humo Jumamosi asubuhi na maji ya chupa. Na duniani kote shirika la Global Witness lilihesabu watetezi wa ardhi na mazingira 196 waliouawa mwaka 2023 peke yake. Huko jela ni afadhali.

Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa 2020 ilitoa ufafanuzi namba 37 wa haki ya kukusanyika kwa amani, uko mtandaoni bure, bando la buku linatosha kuupakua. Unasema vitu ambavyo kila OCD angekuwa navyo mezani. Kuvuruga mwendo wa magari au wa watu au shughuli za kila siku peke yake sio vurugu, mkusanyiko unabaki kuwa wa amani. Kukosa kutoa taarifa peke yake sio sababu ya kuwatawanya watu. Watu waandamane pale wanapoweza kuonekana na kusikika na yule wanayemlenga, kwahiyo ukitaka kumsemesha mtu wa wizara af wakakupeleka kwenye uwanja wa mpira nje ya mji, haijakidhi. Na zuio lolote liwe la lazima na liendane na ukubwa wa jambo.

Hapo kwenye kuendana niwe mkweli, maana kuna wanaharakati wanaosoma nusu ya sheria. Haki ya kuandamana haikupi leseni ya kufunga barabara mpaka uchoke. Kuna kesi ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ya 2015, Kudrevičius dhidi ya Lithuania. Wakulima wenye hasira na bei ya maziwa, watu wa Hai mtawaelewa, walifunga barabara kuu tatu kwa karibu siku mbili na matrekta yao. Walipewa kifungo cha siku 60 kilichoahirishwa, yaani hawakuingia jela. Wakaenda kulalamika Strasbourg na wakashindwa, mahakama ikasema mlivuruga kwa makusudi kuliko ilivyohitajika na adhabu ilikuwa nyepesi. Sawa. Mimi naikubali ile hukumu. Ila weka siku 60 za nje upande mmoja na miaka minne ya ndani upande wa pili, af niambie neno "kuendana" limeenda wapi.

Dada mmoja hapo mbele kaniuliza, na Ngorongoro je? Agosti 2024 maelfu ya Wamaasai walikaa barabarani siku kadhaa kwenye njia ya watalii kwenda Serengeti, walikuwa wamefutwa kwenye mpangilio wa vijiji na wapiga kura, Mahakama Kuu hapahapa Arusha ikasimamisha ile tangazo la kufuta vijiji na serikali ikarudi mezani. Sitaki kuingia sana maana ule ni mgogoro wa ardhi na una miaka mingi, nao una siku yake. Lakini kwa hoja ya leo ni mfano mzuri, magari yalisimama, watalii walisubiri, na walichokuwa wanakidai mahakama ikaona kinastahili kusikilizwa kwanza.

Sasa ukionewa unaenda wapi? Sisi wa Arusha tunajidai jiji la mahakama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ipo Barabara ya Dodoma, kwenye majengo ya TANAPA, ndio, mahakama ya haki za binadamu imepanga kwa watu wa hifadhi, msinichekeshe. Mahakama hii ndio iliwapa ushindi Waogiek wa msitu wa Mau dhidi ya Kenya 2017, na fidia 2022. Daladala linapita nje pale kila siku. Ila wewe na mimi hatuwezi kuingia na kesi yetu. Tanzania Novemba 2019 iliondoa lile tamko linaloruhusu mtu binafsi na asasi kufungua shauri moja kwa moja, na huko kuondoa kukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Nchi mwenyeji. Mgeni wetu tumempa nyumba tukabaki na funguo.

Kuna Mahakama ya Afrika Mashariki, ipo pale makao makuu ya Jumuiya, hii mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaingia. Ila ina mtego na naomba muandike. Miezi miwili. Mkataba wa Jumuiya ibara ya 30 unataka ufungue shauri ndani ya miezi miwili tangu jambo lifanyike au ulipolijua. Asasi nne zilipeleka kesi ya EACOP pale Novemba 2020, na Novemba 2023 ikatupwa, mahakama ikasema mkataba wa serikali mbili ulisainiwa 2017 nyie mlikuwa wapi. Haikusikilizwa hata neno la mazingira. Wakakata rufaa. Mimi naona ni ukali usio na maana kwa jambo ambalo madhara yake yanakuja kwa miaka, lakini ndio sheria ilivyo leo na kalenda haina huruma.

Banjul bado pako wazi, Tume inapokea malalamiko ya mtu yeyote ukishamaliza mahakama za ndani, inachukua muda mrefu, sitadanganya. Na kuna moja jipya, Mei 2025 Umoja wa Wanasheria wa Afrika, PALU, ambao ofisi zao ziko hapahapa Arusha, wameiomba Mahakama ya Afrika itoe maoni ya ushauri kuhusu wajibu wa nchi kwenye mabadiliko ya tabianchi. Asasi haiwezi kushtaki nchi kama yetu, ila ikiwa inatambuliwa na Umoja wa Afrika inaweza kuuliza. Mahakama ya Kimataifa ya Haki imeshatoa yake Julai 23, 2025, ikasema nchi zina wajibu wa kisheria kulinda hali ya hewa na zikikiuka zinawajibika. Sasa kama serikali ina wajibu, mtu anayeandamana kudai wajibu huo utekelezwe kosa lake ni lipi? Hilo swali ningetamani Mahakama ya Afrika iliguse, sio tu mambo ya gesi na viwango, iwaguse na watu wanaokamatwa.

Maswali yalikuwa mengi, niandike mawili.

Kijana wa bodaboda, alikuwa amesimama nyuma kule na kofia mkononi, akasema mwalimu wewe unaongea haki, mimi mkifunga pale Mianzini masaa matatu jioni hesabu ya bosi nampa nini, haki zenu? Watu wakapiga makofi, na walikuwa sahihi kupiga. Nikamwambia wewe nawe una haki na ndio maana ule ufafanuzi namba 37 unasema polisi wanaweza kutawanya watu kama uvurugaji ni mkubwa na umedumu. Lakini kazi ya kwanza ya polisi ni kukutafutia wewe njia ya kupita, kugeuza magari, kama wanavyofanya kila msafara wa mkubwa unapopita, na hapo hesabu yako hakuna anayeiuliza. Akasema hilo la msafara kweli. Hatukumalizana, alibaki anatikisa kichwa, na mimi sitegemei mtu anayekula kwa siku akubali kirahisi. Waandaaji wa maandamano ndio wakae na watu wa vijiwe kabla, wapange muda, wafanye saa nne asubuhi na sio saa kumi na moja jioni.

Wa pili alikuwa binti wa chuo hapo Moshi: tumepeleka barua, afande akatuambia kwa mdomo tu "hakuna kitu kama hicho", tufanyeje? Hili limenikuta na vijana niliowasimamia mkoa fulani, walikuwa wanalalamikia maji machafu ya kiwanda mtoni, walipeleka barua kweli ila nakala yao haikuwa na mhuri, mahakamani ikawa kama hawakuandika. Kwahiyo: barua nakala tatu, moja igongwe mhuri na tarehe na saa, wakikataa kugonga peleka kwa dispachi na mtu asaini, wakikataa na hiyo tuma kwa EMS posta utunze risiti. Akikukataza muombe aandike na aseme sababu. Asipoandika, andika wewe, "leo saa fulani umetuambia hivi", umpelekee. Ukipata amri ya maandishi sheria inakupa rufaa kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na baada ya hapo Mahakama Kuu, na usiende ukiwa peke yako, chama chetu cha mawakili kina watu wanaofanya hizi kesi bila malipo. Binti akauliza mhuri ukiwa umefifia inakubalika? Nikamwambia rudi wagonge tena.